Dini Imesema au Bibi Kasema? Mkanganyiko wa Chakula kwa Wadada wa Kigoma

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza zikipishana siku chache tu, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, na kwa mji kama Kigoma ambao nyumba moja unakuta mama mdogo ni Mwislamu, shangazi Mkatoliki na mpangaji wa chumba cha uani Msabato, magrupu ya WhatsApp yaliwaka moto. Mmoja anauliza mdada akiwa kwenye siku zake anakula wapi mchana, mwingine anadakia kwamba ndimu inakausha damu, wa tatu anasema mjamzito hatakiwi kugusa mayai "hata vitabu vinasema", na hakuna aliyemuuliza kitabu gani. Na kila mwaka ni hivohivo, mfungo ukikaribia tu maswali yanarudi na majibu yaleyale ya kubahatisha.

Tatizo lenyewe ni kwamba tunavyo vitu vitatu tofauti na vyote tunaviita dini. Cha kwanza ni sheria ya dini yenyewe, ile iliyoandikwa au ambayo wanazuoni na viongozi wa kanisa wameikubali. Cha pili ni mila, yaani miko ya kabila au ya ukoo, ambayo ukivuka tu kwenda ukoo mwingine haipo au imegeuka. Cha tatu ni adabu, na hii haijaandikwa popote, ni aibu tu na "watu watasemaje". Sasa binti anayepewa maagizo ya chakula nyumbani ni kama mtu anayepigiwa na namba moja inayotumiwa na watu watatu, yeye kaisevu "Nyumbani", ikilia hajui kama ni shehe, ni bibi au ni jirani mwenye maneno, anaitika tu abee.

Tuanze na sheria maana ndio rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwa Waislamu vilivyokatazwa vimetajwa kwa majina: mzoga, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu, viko kwenye Suratul Maida aya ya 3, ongeza na pombe. Samaki ni halali, aya ya 96 ya sura hiyohiyo, kwahiyo migebuka, kuhe na dagaa havina mjadala hata kidogo. Wasabato wao wanashika Mambo ya Walawi sura ya 11, cha majini lazima kiwe na mapezi na magamba, ndio maana jirani yako Msabato kambale wa Malagarasi hamgusi lakini mgebuka anakula bila wasiwasi. Wakatoliki sheria yao inasema kuacha nyama kunaanza ukifika miaka 14, na kufunga kwenyewe kunakuwa lazima kuanzia miaka 18 mpaka unapoanza mwaka wa 60, na siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, ambapo unakula mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo. (Kuacha nyama Ijumaa ukiwa Kibirizi, mwalo uko palepale, unarudi nyumbani na migebuka miwili ya kuunga na mawese, sijui kama hiyo nayo tuiite kujinyima.) Walokole ndio wana aina nyingi zaidi, kuna mfungo wa Danieli wa siku 21 bila nyama wala vitu vitamu, kuna mfungo mkavu wa siku tatu unaotokana na kitabu cha Esta, bila chakula wala maji, na huo mkavu mara nyingi unatangazwa na mchungaji tu, ni wa hiari, ingawa ukishatangazwa kanisani hiari yenyewe inakuwa ndogo.

Angalia kitu kimoja hapo. Katika orodha zote hizo kinachokatazwa kwa mwanamke ndicho kinachokatazwa kwa mwanaume. Hakuna aya inayosema firigisi ni ya baba. Dini inapomtaja mwanamke peke yake kwenye habari za kula na kufunga, mara nyingi inamtaja ili kumpunguzia mzigo. Na hapo ndipo mambo yetu yanapoharibika, maana punguzo linatolewa na dini alafu adabu inalichukua.

Chukua hedhi. Kwenye Uislamu binti aliye kwenye siku zake hafungi, na sio kwamba anaruhusiwa akipenda, hapana, hata akifunga saumu yake haihesabiki. Anakula, anakunywa, alafu baada ya Ramadhani analipa zile siku, na imepokewa kwa Bi Aisha kwamba waliamrishwa kulipa saumu na hawakuamrishwa kulipa swala. Hilo halina ugomvi kati ya wanazuoni. Sasa nenda kwenye nyumba yoyote ya Ujiji saa saba mchana ndani ya mwezi mtukufu. Binti kaingia jikoni, kasukuma mlango ubaki upenyo tu, kafunua sufuria ya kiporo, wali na dagaa wa jana, anakula kwa mkono akiwa amesimama, sikio liko uani. Kaka yake anaita, "we fulani, chaja yangu iko wapi?" Anameza tonge bila kutafuna, anafuta mdomo na pindo la khanga, anatoka na uso mkavu kama mtu ana saumu ya tangu alfajiri. Jioni anakaa kwenye mkeka na wenzake, anapokea tende, anasoma dua ya kufuturu. Wengine wanaamka hadi daku ili tu baba asishangae. Na wapo, sio wachache, ambao wanaona bora washinde hivohivo bila kula kuliko kujificha, kwahiyo wameshinda njaa, saumu hawajapata, na deni la siku ile liko palepale linawasubiri.

Aliyekataza hapo ni nani? Dini ilishamwambia kula. Ni kweli kuna heshima ya mwezi, mtu asiye na saumu hatembei na andazi mdomoni barabara ya Lumumba, hilo hata mimi nalikubali, lakini kati ya kula hadharani sokoni na kula kama mwizi nyumbani kwenu kuna nafasi kubwa sana katikati. Kinachomficha ni kwamba akionekana anakula, wanaume wa nyumba watajua yuko kwenye hedhi, na hedhi kwetu ni siri. Wazazi wengi wanafundisha watoto wa kiume nguzo tano zote bila kuwaambia kwamba dada yao kuna siku kadhaa za mwezi huu hatafunga na wasimuulize. Dakika mbili za maongezi zingetosha, ila nani aanze.

Na mwili nao una hesabu zake wakati huohuo. Damu inahitaji madini ya chuma ili iweze kubeba hewa safi kwenda kila sehemu, chuma kikipungua mtu anachoka, kichwa kinamzunguka akisimama ghafla, moyo unaenda mbio akipanda kilima kidogo tu, darasani anasinzia na mwalimu anasema mvivu. Mwanaume mtu mzima anahitaji kama miligramu 8 za chuma kwa siku kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji 18, msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji 15, na mjamzito 27. Tofauti hiyo kubwa inatokana na damu inayotoka kila mwezi, na mimba inapoingia kuna mtoto naye anajenga damu yake kutoka kwa mama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana upungufu wa damu, miaka ya 2015/16 ilikuwa asilimia 45, kwahiyo imeshuka ila kidogo sana. Sio chuma peke yake kinachosababisha, malaria na minyoo vina mchango mkubwa na huku kwetu malaria tunaijua, lakini chakula kiko ndani ya hesabu.

Kwahiyo ukitazama vizuri, yule anayehitaji chuma mara mbili ya kaka yake ndiye anakula amesimama nyuma ya mlango.

Na sio Ramadhani tu. Sufuria ya kila siku nayo ina mila zake. Mgebuka umekatwa vipande vinne, vya katikati vyenye mnofu vinaenda kwenye sahani ya baba na ya mgeni kama yupo, kaka anapata chake kwa sababu "anakua", binti aliyeupika anabaki na mkia na mchuzi wa mawese, anachovya ugali wa muhogo anashiba. Kushiba anashiba kweli, hilo ndilo linalotudanganya, maana muhogo unajaza tumbo na kutoa nguvu lakini chuma na protini ndani yake ni kidogo mno. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua mwaka 2024, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, dagaa wakaadimika na bei ikapanda, na hapo ndipo unaona mila inavyofanya kazi: mboga ikipungua haipungui kwa wote sawa. Hakuna aliyekaa kikao kusema wasichana wasile. Mama mwenyewe ndiye anajipunguzia wa kwanza, binti anaiga, na anaonekana ana tabia nzuri.

Ukweni ndio kabisa. Mke mgeni hachoti mboga mara mbili, baba mkwe akiingia anaweka sahani chini, kama ana mimba ya miezi mitatu na anasikia njaa saa tano usiku anaogopa kufunua sufuria la watu. Akiulizwa anasema ni dini yetu, ni heshima. Heshima sawa. Dini hapana.

Tuje kwenye yale yanayosemwa sana. Mayai: kwamba mjamzito akila mtoto atazaliwa hana nywele, au atakuwa mwizi, inategemea umemuuliza bibi wa wapi, na hiyo tofauti yenyewe ingetakiwa kutushtua. Nywele za mtoto zinatokana na alivyorithi kwa wazazi. Yai lina protini na virutubisho ambavyo mjamzito anavihitaji, likiwa limeiva vizuri. Wengine wanajitetea kwamba wazee waliogopa mtoto kuwa mkubwa na uzazi kuwa mgumu enzi hizo hakuna upasuaji, inawezekana kabisa woga ulianzia huko, lakini leo kliniki zipo na kumnyima mama protini kunaweza kuchangia kuzaa kichanga dhaifu. Firigisi na nyama nzuri za kuku kuwa za wanaume ni mila tupu, ipo makabila mengi Tanzania, na mwenye kuitetea kwa msahafu au Biblia mwambie akuonyeshe mstari.

Ndimu. Hii nimeisikia Mwanga, nimeisikia Kasulu, nimeisikia hadi kwa mdada aliyesoma sayansi: usile ndimu wala embe bichi ukiwa kwenye siku, damu itakauka, au itatoka sana, wanasema vyote viwili. Ukweli uko upande mwingine kabisa. Uchachu wa ndimu ukifika tumboni unakutana na tindikali kali kuliko yenyewe na hauendi kugusa damu yako. Alafu vitamini C iliyomo kwenye ndimu, machungwa, mapera na maembe inausaidia mwili kufyonza chuma cha kwenye maharage, kisamvu na matembele, ambacho bila msaada kinafyonzwa kidogo sana tofauti na kile cha kwenye samaki na nyama. Yaani tumemkataza ndimu wiki ileile anayopoteza damu, na badala yake tukampa chai ya rangi ya moto "ashushe tumbo", na majani ya chai ndiyo yanayozuia chuma kufyonzwa yakinywewa pamoja na chakula. Chai sio sumu, isogeze tu, acha saa moja hivi ipite baada ya kula. Hata kwenye futari tunakosea hapo, kunde na samaki mezani na chupa ya chai pembeni inamiminwa kila tonge mbili.

Rozela na bitiruti nazo kwa kuwa ni nyekundu watu wanaamini zinageuka damu. Na huku kwetu wapo wanaoyaweka mawese kundi hilohilo. Rangi haina uhusiano wowote. Juisi ya rozela ni nzuri tu kama haijajazwa sukari, na mawese mekundu yana kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, muhimu kwa macho na kinga, na vitamini A nayo inausaidia mwili kutumia chuma ulichonacho. Ila mtu mwenye damu kidogo akitegemea glasi ya rozela peke yake anajichelewesha.

Kuna hili la udongo. Sokoni unakuta umepangwa vizuri, pemba, vipande vya kijivu, wanaonunua ni wajawazito na mabinti wa shule pia, wengine wanatafuna mchele mbichi kutwa. Kwa mjamzito tumelifanya mila, tunacheka, tunasema mtoto ndiye anataka. Hamu ya kula vitu visivyo chakula mara nyingi inaendana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukizuia chuma kingine kisifyonzwe, achilia mbali mayai ya minyoo. Kwahiyo ukimuona binti ana mfuko wa pemba kwenye begi, kabla ya kumgombeza mpeleke akapime wingi wa damu, ni kipimo cha tone tu la kidole.

Nisiwaonee wazee lakini, maana mila haijakaa upande mmoja tu. Mzazi kwetu analishwa. Akishajifungua, zile siku arobaini anapewa uji, supu ya kuku, supu ya samaki, anaogeshwa maji ya moto, hafui wala habebi ndoo, na vizazi vimekua hivo. Jirani zetu wa Tabora karibu kila mboga ya majani wanaiunga karanga, mlenda wao, majani ya kunde yaliyokaushwa, hiyo ni akili ya chakula ambayo hakuna semina iliyowaletea. Kinachonishangaza mimi ni mwanamke yuleyule kunyimwa yai mwezi wa nane wa mimba na kupewa supu ya kuku mzima wiki sita baadaye. Kama supu inajenga damu baada ya kuzaa, kwanini isijenge kabla?

Upande wa umbo sasa, ambao mtandaoni ndio una kelele kuliko vyote. Zamani mwari alikuwa anawekwa ndani analishwa ili atoke amejaa, unene ulikuwa dalili ya nyumba yenye chakula, na hadi leo mke akikonda mume anaulizwa kama hamlishi. Binti huyohuyo akishika simu anaona klipu za viuno vidogo na nyonga kubwa. Matokeo yake kuna anayekula chipsi tatu akiwa na mchumba ili aonekane ana adabu, na kuna anayenunua vidonge vya kunenepa kwa mtu wa kwenye status. Vingi vya namna hiyo vinavyojulikana ni dawa ya mzio inayoamsha hamu ya kula, cyproheptadine, au dawa ya aina ya steroidi, dexamethasone, wakati mwingine zinachanganywa. Hizo steroidi zinavimbisha uso, zinapandisha sukari na presha, na ukizitumia muda mrefu alafu ukaziacha ghafla unaweza kuanguka kwa sababu mwili ulishaacha kutengeneza homoni yake. Hapo wala usitafute dini wala mila, ni biashara.

Yamebaki maswali mawili ambayo kila mwaka yanaulizwa. Mjamzito na anayenyonyesha: Uislamu unawaruhusu kula wakihofia afya yao au ya mtoto, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunafuata, akiwa amehofia nafsi yake analipa siku tu, akiwa amehofia mtoto peke yake analipa siku na kutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Wakatoliki nao hawamlazimishi mjamzito, mgonjwa wala anayenyonyesha kufunga. Mfungo mkavu kwa mjamzito, mwenye kisukari au mwenye vidonda vya tumbo sio wa kujaribu, ukitangazwa ongea na mchungaji, hata mfungo wa Danieli ni mfungo.

La pili ni vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kliniki, vile vya FEFO, wengi wanaviacha Ramadhani nzima wakidhani vinabatilisha saumu kwahiyo haviwezekani. Aliyeamua kufunga anavimeza usiku, baada ya futari na mbali na chai, akiona vinamchafua tumbo anavimeza akishakula kitu kidogo, na choo kikiwa cheusi asiogope, ndivyo chuma kinavyotoka.